Kabla Hujampa Fundi Akupigie Window

Kompyuta mpakato ikiingia mtaani kwetu Mabawa, Tanga, siku hizi, mara nyingi aliyeichagua siye atakayeitumia. Imetoka Muscat kwa shangazi, au imenunuliwa mtumba Dar es Salaam na kijana aliyekwenda kufuata mzigo, au mwalimu kaachiwa na mgeni aliyemaliza mkataba wake akarudi kwao. Mwenyewe anaiwasha kwa furaha, na kioo kinamletea sura asiyoijua. Kitufe cha kuanzia hakipo pale alipokizoea, Word haionekani, diski C haionekani, hata kuizima hajui aanzie wapi. Jirani anayepita anampa ushauri ule ule wa siku zote: mpelekee fundi akupigie window. Kesho yake kompyuta iko juu ya meza ya fundi Ngamiani, imefutwa kila kilichokuwemo na kuwekewa Windows isiyo na leseni.

Nawaomba wenye kompyuta za namna hiyo wasubiri mwezi mmoja. Wiki haitoshi vidole kusahau mazoea ya zamani, na miezi mitatu ni mingi kwa mtu anayetegemea kompyuta kwa riziki. Mwezi ukiisha utakuwa unajua kama mfumo endeshi ulioletewa unabeba kazi zako au hauzibebi, na ukiamua kuuondoa, utauondoa ukiwa unakijua unachokiacha.

Anza kwa kutambua umepewa nini. Yenye alama ya tofaa lililong'atwa mgongoni ni ya Apple, na mfumo wake ni macOS. Iliyoandikwa Chromebook inaendeshwa na ChromeOS ya Google. Nyingine, ziwe HP, Dell, Lenovo au Acer, zaweza kuwa na Windows 10, Windows 11 au tawi mojawapo la Linux. Matawi yanayomfaa anayeanza ni Ubuntu na Linux Mint. Jina la mfumo utalikuta kwenye mipangilio, sehemu inayoeleza habari za kifaa. Liandike kwenye daftari pamoja na namba ya toleo, maana siku ya kuomba msaada hilo ndilo swali la kwanza utakaloulizwa.

Linux sasa ina sababu ya kutazamwa upya na watu wa kipato chetu. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilisitisha masasisho ya kawaida ya usalama ya Windows 10, na hata watu binafsi waliojiandikisha kwenye mpango wa nyongeza, mwisho wao ni tarehe 13 Oktoba 2026. Windows 11, iliyotoka Oktoba 2021, inadai kinga ya ndani iitwayo TPM 2.0 na prosesa ambayo kwa upande wa Intel, ukiacha chache, huanzia kizazi cha 8. Sasa tazama mtumba unaouzwa kwetu. HP EliteBook 840 G3, Dell Latitude E7470, Lenovo ThinkPad T460: zote hizo ni kizazi cha 6. Kizazi unakisoma kwenye namba inayofuata kistari, kwa hiyo i5-6300U ni kizazi cha 6 na i5-8250U ni cha 8. Ni mashine imara, kibodi zake nzuri kuliko za kompyuta mpya nyingi za bei ya chini, na ukiziwekea diski ya SSD na ramu ya GB 8 zinafanya kazi za ofisi bila kulalamika. Mfumo ndio uliozizeesha. Mtu aliyekuuzia mashine hiyo ikiwa na Linux Mint huenda amekutendea wema kuliko yule ambaye angekuwekea Windows 11 kwa njia za panya.

Kama hujanunua bado, kuna jambo moja la kukagua kabla hujatoa pesa: kufuli la mwenye mali wa kwanza. MacBook inaweza kuwa imefungwa kwa akaunti ya Apple ya mtu mwingine, na hapo fundi hana la kufanya. Chromebook zilizotoka mashuleni Marekani zaweza kuwa bado zimesajiliwa kwa shule, na ukiiwasha moja ikakwambia inasimamiwa na taasisi fulani, iache. Chromebook pia zina tarehe ya mwisho wa masasisho, na tarehe hiyo imeandikwa kwenye mipangilio yake. Kompyuta za makampuni nazo zaweza kuwa na nenosiri la BIOS, ile programu ya ndani inayowaka kabla ya mfumo endeshi. Mwambie muuzaji aizime kabisa, aiwashe mbele yako, aingie kwenye BIOS mbele yako. Akisitasita, umepata jibu.

Sasa kazi yenyewe. Kosa linalowakimbiza watu kwenye mfumo mpya ni kutaka kuujua wote. Wanafungua kila menyu, wanabadilisha rangi, wanaangalia video za masaa, bando linakwisha, na barua waliyotakiwa kuiandika haijaandikwa. Mgeni aliyehamia Mabawa hasomi ramani ya jiji zima kabla ya kutoka nje. Anajifunza njia ya dukani, ya msikitini au kanisani na ya kituo cha daladala, na mitaa mingine huja yenyewe. Chukua karatasi uandike kazi tatu ulizozifanya kwenye kompyuta mwezi uliopita. Zilizofanyika kweli, siyo zile unazotamani kuzifanya. Mwalimu ataandika: kutunga mtihani, kujaza alama, kutuma kwenye WhatsApp. Anayeuza vitenge na madera ataandika: kupunguza ukubwa wa picha, kuandika bei, kuweka hesabu za wadaiwa. Kijana anayetafuta ajira ataandika: wasifu, barua ya maombi, kupakia vyeti. Wiki ya kwanza jifunze kazi hizo tatu tu, kuanzia kufungua programu mpaka faili limemfikia mtu mwingine, na usiguse kingine.

Utashangaa kuona kiasi gani cha kazi hizo kimo ndani ya kivinjari. Ajira Portal unaifungua kwa kivinjari. Maombi ya mkopo wa HESLB ni kivinjari. Mwenye kampuni ndogo anayeomba zabuni za serikali, mfumo wa NeST ulioipokea kazi ya TANePS mwaka 2023 nao ni kivinjari. Firefox na Chrome zipo kwenye Windows, macOS na Linux, na Chromebook yenyewe imejengwa juu ya Chrome. Kwa kazi hizo, kubadilika kwa mfumo endeshi kunakugusa kidogo sana. WhatsApp nayo unaifungua kwenye kivinjari kwa kupiga picha ya msimbo ukitumia simu yako.

Panapouma ni kwenye nyaraka, na hapo nitakaa kidogo. Kwenye Linux utakuta LibreOffice, ambayo inafungua mafaili ya Word na Excel na kuyahifadhi. Lakini ukiacha mambo yalivyo, inahifadhi kwa mtindo wake wenyewe wa ODT, na ukimpelekea dada wa steshenari flashi yenye faili hilo, huenda likafunguka vibaya au lisifunguke kabisa. Siku ya kwanza kabisa ingia kwenye mipangilio ya LibreOffice, sehemu ya kufungua na kuhifadhi, uiambie kila mara ihifadhi kwa mtindo wa Word na wa Excel. Ni kazi ya dakika chache na itakuepusha na safari nyingi za kurudi nyumbani.

Jambo la pili ni fonti. Mtihani ulioupanga vizuri kurasa mbili, ukifunguliwa kwenye kompyuta nyingine, unaweza kuwa kurasa mbili na mstari mmoja, na mstari huo mmoja kwa wanafunzi mia ni karatasi mia. Sababu ni kwamba fonti kama Calibri na Times New Roman ni mali yenye leseni, na Linux inaweka mahali pake Carlito na Liberation Serif, zilizotengenezwa kwa upana ule ule wa herufi. Kwa kawaida zinalingana, lakini jedwali lenye visanduku vingi au picha iliyobanwa pembeni inaweza kusogea. Kwa hiyo shika utaratibu huu: faili la kuhaririwa na mwenzako litume kama DOCX, na la kuchapishwa lipeleke kama PDF. PDF haisogei. Mwenye Mac naye ana mtego wa namna hiyo, kwa sababu Pages inahifadhi mafaili ambayo Word haiyajui. Atoe nakala ya PDF au ya Word kabla ya kutoka nyumbani.

Ukiandika kwa Kiswahili utakutana na kero nyingine, mistari myekundu chini ya kila neno, na mara nyingine kompyuta inabadilisha neno lako kulipeleka Kiingereza. LibreOffice ina kamusi ya tahajia ya Kiswahili cha Tanzania. Chagua lugha hiyo kwa waraka wako na mistari itapungua. Kiswahili kwenye programu huria kina historia ndefu kidogo: mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye menyu za Kiswahili, na LibreOffice ya leo ilizaliwa mwaka 2010 kutoka kwenye OpenOffice hiyo hiyo. Naitaja kazi ile kwa heshima. Waliifanya wakati wengi wetu hatujagusa kompyuta.

Flashi ndiyo barabara kuu ya mafaili hapa mtaani, na ndiyo inayopoteza kazi za watu. Kwenye Linux, unaponakili faili kubwa kwenda kwenye flashi, mstari wa kuonyesha maendeleo unaweza kufika mwisho huku data bado imekaa kwenye kumbukumbu ya kompyuta haijaandikwa. Ukiichomoa papo hapo, unafika steshenari faili ni jina tupu. Bonyeza kwanza alama ya kuitoa flashi, subiri mpaka uambiwe ni salama, ndipo uchomoe. Nenda taratibu hapa hata kama bodaboda inakupigia honi nje.

Halafu kuna vile virusi vya njia ya mkato, vinavyogeuza mafolda yako yote kuwa vialama vidogo vyenye mshale. Virusi hivyo vimeandikwa kwa ajili ya Windows. Flashi ile ile ukiichomeka kwenye Linux, aghalabu unayaona mafaili yako yaliyofichwa na unaweza kuyanakili. Ni faida kubwa, na wenye steshenari wengi wangepumzika kama wangekuwa na mashine moja ya Linux pembeni kwa kazi hiyo. Lakini kirusi bado kipo kwenye flashi. Ukimpa mwenzako mwenye Windows, umempelekea. Nakili mafaili yako, kisha ifomati flashi.

Unapoifomati, chagua exFAT. Mtindo huo unasomwa na kuandikwa na Windows, macOS na Linux za miaka ya karibuni. Flashi au diski ya NTFS inasomeka kwenye Mac lakini haipokei faili jipya, na watu hudhani flashi imekufa. Diski ya ext4 ya Linux haionekani kwenye Windows ya kawaida. Na ukiona kwenye flashi vifaili vidogo vinavyoanza na nukta baada ya kuitumia kwenye Mac, usihangaike, ni kumbukumbu za Mac yenyewe. Kitu kingine kidogo: Linux inatofautisha herufi kubwa na ndogo kwenye majina, kwa hiyo Mtihani na mtihani ni mafaili mawili tofauti. Jizoeze kutumia herufi ndogo tu.

Tuje kwenye bando, maana kompyuta mpya inaweza kulimaliza bando la wiki kabla hujapika chai. Ukiiunganisha na hotspoti ya simu, kompyuta inadhani imekutana na waifai isiyo na kikomo. Windows 11 inaanza kupakua masasisho, na OneDrive inaanza kupandisha picha zako kwenda mawinguni. Mara tu baada ya kuunganisha, ingia kwenye mipangilio ya mtandao huo na uutie alama kwamba unapimwa, yaani una kikomo cha data. Windows ina kitufe hicho, Ubuntu inacho. Linux Mint yenyewe inakuonyesha orodha ya masasisho na ukubwa wake, nawe unachagua wakati, na kwa watu wa bando ni tabia njema mno. Usije ukayazima masasisho moja kwa moja. Tafuta bando la usiku au waifai ya mtu anayekupenda, chaji betri ijae, ndipo usasishe. Betri naitaja kwa makusudi: umeme ukikatika katikati ya kusasisha kwenye mashine yenye betri iliyokufa, mfumo unaweza kukataa kuwaka asubuhi.

Kama umepewa Linux na waifai haionekani kabisa, kuna njia fupi ambayo watu hawaijui. Unganisha simu ya Android kwa waya wa USB, halafu kwenye simu washa kushirikisha intaneti kwa USB. Mara nyingi Linux inaitambua hapo hapo, na kwa intaneti hiyo unapakua kiendeshi cha waifai. Printa ni suala jingine linalowatia watu hofu bila sababu kubwa. Printa nyingi za HP hutambuliwa zenyewe, na Epson za matangi ya wino, ambazo zimejaa kwenye steshenari zetu, zina viendeshi vya Linux. Za Canon ndizo zinazoweza kukuhangaisha. Jaribu kabla ya kununua.

Kibodi inahitaji aya yake, hasa kwa wenye ndugu Ghuba na Ulaya. Kompyuta ya Oman au Dubai ina herufi za Kiarabu kando ya zile za Kilatini. Ikiwa lugha zote mbili zimewekwa kwenye Windows, kubonyeza Alt na Shift pamoja kwa bahati mbaya kunaihamisha kibodi, na ghafla maandishi yanatoka kulia kwenda kushoto. Bonyeza tena Alt na Shift, au tazama kona ya chini ya kioo palipoandikwa lugha. Jambo hilo hilo ndilo linalofanya nenosiri sahihi likataliwe asubuhi, na mtu anadhani kaingiliwa. Kompyuta ya Ujerumani imebadilishana Z na Y, na ya Ufaransa imeweka A mahali pa Q na inataka Shift ili kupata tarakimu. Unaweza kuiambia kompyuta ichukue mpangilio wa Kiingereza; vidole vitakuwa kwao, ingawa maandishi juu ya vitufe hayatalingana. Kiswahili hakina herufi yenye alama juu, kwa hiyo mpangilio wa Kiingereza unatutosha. Kwa upande wa umeme, plagi ya Oman yenye pini tatu bapa inaingia kwenye soketi zetu, ya Ujerumani inahitaji adapta. Soma maandishi yaliyo kwenye chaja: yakisema 100-240V, umeme wetu unaifaa. Na umeme ukikatika chomoa chaja, usubiri utulie baada ya kurudi.

Kuhusu manenosiri, nina ombi moja lenye uzito. Siku ya kwanza utatengeneza nenosiri, na kwenye Windows 11 na Mac utaombwa pia akaunti ya Microsoft au Apple. Liandike kwenye daftari la nyumbani, lile lile linalokaa na kadi za kliniki na risiti za ada. Najua wataalamu wa maofisi makubwa wanakataza, lakini anayeishi Mabawa yuko kwenye hatari kubwa zaidi ya kulisahau kuliko ya mwizi kuja kusoma daftari. Kompyuta nyingi za Windows 11 sasa zinafunga diski kwa BitLocker zenyewe, na ufunguo wa kuifungulia ni namba yenye tarakimu 48 iliyohifadhiwa kwenye akaunti yako ya Microsoft. Fundi akigusa mipangilio ya BIOS, kompyuta inaweza kuudai ufunguo huo. Aliyefunguliwa akaunti na mtoto wa jirani kwa barua pepe asiyoijua hataupata, na picha zake zote zitabaki humo humo. Ingia kwenye akaunti yako, tafuta ufunguo huo, uandike kwenye daftari hilo hilo. Kwenye baadhi ya matoleo ya Ubuntu, ukiandika nenosiri ndani ya terminali hutaona hata nyota moja ikitokea. Inapokea, endelea kuandika ubonyeze Enter.

Terminali yenyewe, kile kisanduku cheusi cha amri, usikiogope wala usikikimbilie. Kazi zote nilizozitaja zinafanyika kwa kubofya. Kanuni yangu ni kutobandika humo amri ambayo sielewi kila neno lake, hasa ikianza na sudo, kwa kuwa neno hilo linaipa amri mamlaka juu ya mashine nzima. Kama unaona Linux ni kitu kigeni mno, kumbuka umeishika mkononi miaka yote: kiini cha Android ndicho hicho hicho alichoanza kukiandika Linus Torvalds kule Finland mwaka 1991. Na Ubuntu ilianzishwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth, mtu wa Afrika Kusini.

Mac na Chromebook nitazipita haraka. Kwenye Mac, kazi uliyoifanya kwa Ctrl unaifanya kwa Command. Kubofya kulia ni vidole viwili kwenye padi. Na kitufe chekundu kinafunga dirisha lakini programu inabaki wazi, ndiyo maana betri inaisha huku unadhani umeshafunga. Nyingi za miaka ya karibuni zina matundu ya USB-C tu, kwa hiyo nunua kiunganishi cha flashi mapema. Kwenye Chromebook, washa kazi ya nje ya mtandao kwenye Google Docs ukiwa bado na bando, la sivyo siku bando limekwisha hutafungua hata barua yako mwenyewe. Na usihangaike kutafuta namna ya kuweka programu za Windows humo.

Wapo ambao Windows ni lazima kwao, nami sitawadanganya. Fundi mchundo au mchoraji wa ramani anayetumia AutoCAD na hana Mac, mhasibu ambaye ofisi yake iko kwenye Tally, mwenye mashine ya kudarizi ambayo programu yake imetengenezwa kwa Windows peke yake, hao wanahitaji Windows. Lakini mwalimu na mfanyabiashara mdogo waamue baada ya kujaribu. Na kama hali ni kinyume, yaani una Windows 10 iliyozeeka na unataka kuionja Linux, usifute kitu. Mtafute mwenye faili la Linux Mint, ambalo ni karibu GB 3 (la Ubuntu linakaribia GB 6, kwa hiyo kulipakua kwa bando ni gharama), aliweke kwenye flashi ya kuwashia. Iwashe kompyuta kwa kubonyeza F9 kwenye HP, au F12 kwenye Dell na ThinkPad, uchague flashi. Mfumo utafunguka kutoka kwenye flashi bila kugusa diski. Kompyuta itakuwa nzito kidogo, lakini utaiona waifai kama inashika, sauti kama inatoka, printa kama inaitika.

Kuhusu Windows ya bure unayopigiwa mtaani, iangalie vizuri. Programu zinazotumika kuifungulia leseni mara nyingi hutaka kinga dhidi ya virusi izimwe kwanza, na hujui zimeacha nini ndani. Kwenye kompyuta hiyo hiyo utaingia benki na barua pepe yako. Leseni halali inauzwa, na kompyuta nyingi za mtumba za HP, Dell na Lenovo zilizotoka maofisini zilikuja na leseni iliyofungwa ndani ya ubao wake, hivyo Windows ya toleo linalolingana na leseni hiyo ikiwekwa inajitambua yenyewe mara ikipata intaneti. Muulize fundi jambo hilo kwanza.

Mwezi ukiisha, itoe ile karatasi ya kazi tatu. Kama zote zinafanyika, baki ulipo na uongeze ya nne. Kama moja imegoma kabisa na umeshauliza watu wawili wanaojua, nenda kwa fundi, lakini nenda na maneno yako. Mafundi wetu wana mikono mizuri. Wanafuta kila kitu kwa sababu wateja hawawaambii vingine. Kwanza nakili mafaili yako yote kwenye diski ya nje na uyafungue mawili matatu kwenye kompyuta ya mtu mwingine uone yamo. Kisha mwambie: nataka Windows ikae kando ya mfumo huu, nichague ninapowasha, gawa diski, usifute, na diski ikiwa ndogo niambie bei ya SSD kubwa zaidi kabla hujaanza. Kaa naye hapo wakati anaifanya kama nafasi inaruhusu, uone anavyoingia kwenye BIOS na anachokibadilisha, uandike kwenye daftari lako. Akisema hawezi bila kufuta, mshukuru, beba kompyuta yako, umuulizie mwingine.